Taa za chumba baridi cha biashara: kuzihesabu, kuzichagua na kuzifunga

Taa ikizimika ndani ya chumba baridi, lawama huangushiwa baridi. Kumbe LED yenyewe haina ugomvi na baridi: chipu ikikaa baridi hutoa mwanga zaidi kidogo na hudumu zaidi. Kinachoziua taa humo ni unyevu unaopenya kwenye tundu la waya, draiva (kifaa kinachoirekebishia LED umeme) isiyotengenezwa kwa nyuzi hizo za joto, na wakati mwingine uma wa foklifti. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye matundu na glandi (kishikizo chenye mpira kinachobana kebo inapoingia kwenye taa) kuliko kwenye urembo wa taa.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: chumba cha mita 6 kwa 5, dari mita 2.7, kuta na dari za paneli nyeupe zenye povu katikati. Kiwe cha kupoza, nyuzi +2, kwa samaki wabichi, maziwa au mboga. Au kiwe cha kugandisha, nyuzi −20, kwa minofu ya sangara na kuku.

Kwanza andika habari za chumba

Kabla ya kwenda dukani, andika kwenye karatasi: joto la chini kabisa ambalo chumba hufikia, vipimo vyake, urefu wa rafu au marobota, saa ambazo watu wanakuwa ndani kwa siku, namna kinavyooshwa (kitambaa na ndoo, mpira wa maji, au mashine ya presha), na gesi inayotumika kwenye mtambo. Hilo la gesi wengi hulisahau, tutalirudia.

Andika pia ni mzigo gani unalala humo, kwa sababu kuna bidhaa zinazoharibiwa na mwanga. Viazi mviringo vikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini, hata kwenye baridi; ghala la viazi linatakiwa kuwa giza, taa ziwashwe mtu anapoingia tu. Maziwa kwenye chupa zinazopitisha mwanga hubadilika ladha, na mwanga huvunja vitamini B2 iliyomo. Nyama nyekundu iliyo wazi hupoteza wekundu wake mapema zaidi ikimulikwa mfululizo. Kwa mizigo ya aina hii, utaratibu wa kuzima una uzito kuliko aina ya taa.

Hesabu mwanga unaohitajika

Mwanga unaofika juu ya kitu hupimwa kwa lux. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kinataka lux 100 kwenye stoo, lux 200 kama watu wanafanya kazi humo mfululizo, na lux 300 mahali pa kufungasha na kupakia. Mwongozo wa chakula wa Marekani, Food Code, unataka angalau lux 108 ndani ya chumba baridi, zikipimwa sentimita 75 kutoka sakafuni, na lux 540 mahali pa kukatia kwa kisu.

Ushauri wetu kwa chumba cha biashara ambamo mtu anasoma tarehe kwenye maboksi: lenga 200. Mia moja inatosha kwenye karatasi, lakini rafu zikijaa, boksi la chini linabaki kwenye kivuli na ndipo mzigo wa zamani unaposahaulika.

Fomula ni hii: lumeni zote = lux × eneo ÷ (0.5 × 0.8). Hiyo 0.5 ni sehemu ya mwanga inayofika chini baada ya kumezwa na kuta, rafu na mizigo. Chumba kitupu cha paneli nyeupe kinaweza kufika 0.6 au zaidi, ila hakuna anayejenga chumba baridi kikae kitupu. Hiyo 0.8 ni akiba ya uchafu na kuchoka kwa taa.

Kwa mfano wetu: 200 × 30 ÷ 0.4 = lumeni 15,000. Taa ndefu ya mita 1.2, ya wati 20 yenye lumeni 125 kwa kila wati, inatoa 2,500. Kwa hiyo ni taa 6, jumla wati 120. Fundi atakwambia taa 3 za wati 40 zinatoa mwanga uleule kwa bei ndogo. Lumeni ni zilezile kweli, lakini chini ya dari ya mita 2.7 zinaumiza macho na kuacha vivuli vizito kati ya rafu; moja ikifa, theluthi ya chumba inaingia giza. Kwenye dari ya chini, nyingi ndogo ni bora kuliko chache kubwa. Dari ikiwa mita 6 na kuendelea, kama kwenye maghala ya marobota, hesabu inageuka: hapo tumia taa zenye lenzi nyembamba zinazoelekeza mwanga kwenye njia kati ya rafu, maana taa inayosambaza mwanga kwa pembe ya nyuzi 120 itamulika zaidi vichwa vya rafu.

Kila wati unailipia mara mbili

Umeme unaoingia kwenye taa iliyo ndani ya chumba kilichofungwa unaishia kuwa joto, karibu wote, na joto hilo kompresa lazima ilitoe. Kwa mtambo wa nyuzi +2, kadiria kwamba kila yuniti 2 za joto zinagharimu yuniti 1 ya umeme kuzitoa. Kwa nyuzi −20 kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kadiria yuniti 1.2 tu za joto kwa kila yuniti 1 ya umeme.

Linganisha sasa. Chumba cha mfano kikiwa na taa 6 za zamani za tyubu mbili za wati 36 na choki zake, kila taa inakula kama wati 90, jumla 540. LED ni 120. Tofauti ya wati 420 kwa saa 8 ni yuniti 3.36 kwa siku. Ongeza kazi ya kompresa: kwenye chumba cha kupoza tofauti inafika takriban yuniti 5 kwa siku, kwenye cha kugandisha takriban 6.2. Zidisha na bei ya yuniti kwenye risiti yako ya tokeni, kisha kwa siku unazofanya kazi kwa mwaka, ndipo ujue kama taa ya bei ya juu ni ghali kweli.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha hasara ya taa inayoachwa ikiwaka usiku kucha.

Tyubu za zamani zisirudi

Tyubu ya kawaida imetengenezwa itoe mwanga wake kamili hewa ikiwa karibu nyuzi 25. Karibu na sifuri mwanga wake hushuka sana, na chini ya hapo huwaka kwa kumetameta au hukataa kabisa kuwaka, hata stata ibadilishwe mara ngapi. Ikivunjika juu ya mzigo, umepata vipande vya glasi na zebaki kwenye chakula. Hapo mzigo wote uliofikiwa ni wa kutupa. Isitoshe, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kusitisha utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizi hadi mwisho wa 2027, kwa hiyo vipuri vitazidi kuadimika.

Taa kubwa za metali halaidi nazo zina kasoro yao: umeme ukikatika na kurudi, zinahitaji dakika kadhaa kupoa na kuwaka tena, na watu wamo gizani wakati huo.

Kuna njia ya mkato inayopendwa: kutoa tyubu na kuchomeka tyubu ya LED kwenye kasha lilelile la zamani. Kwa ofisi ni sawa. Kwenye chumba baridi unarithi gasketi (mpira wa kuziba kifuniko) iliyokwisha na soketi zenye kutu, na tyubu nyingi za LED za bei nafuu bado ni za glasi. Nunua taa kamili.

Kusoma lebo dukani

*Joto.* Tafuta alama ya Ta, yaani joto la hewa ambamo taa inaruhusiwa kufanya kazi. Kwa chumba cha nyuzi −20 usinunue taa iliyoandikwa −20; chukua −30. Upepo wa evaporeta (koili yenye feni inayopoza chumba) huwa baridi kuliko chumba chenyewe, na taa iliyolala usiku mzima imezimwa ndiyo inayopata tabu asubuhi. Ndani ya draiva kuna kapasita zenye maji ya kemikali. Yakipata baridi kali, uwezo wao hupungua na draiva hupiga chafya: inawaka, inazima, inawaka. Kama muuzaji hana karatasi ya vipimo inayotaja joto la chini kabisa la kuwashia, hajui anachouza. Kwa chumba cha +2, taa ya −20 inatosha kabisa, usilipie zaidi.

*IP.* Hiki ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Kwa chumba kinachopanguswa, IP65. Kinachooshwa kwa mpira wa maji, IP66. Mashine ya presha yenye maji moto inataka IP69, au IP69K kama lebo inavyosema wakati mwingine. Usidanganyike kwamba IP67 lazima iishinde IP66: namba ya 7 ni jaribio la kuzamishwa kwenye maji, halisemi lolote kuhusu maji ya kurushwa kwa nguvu. Na kumbuka majaribio hayo hufanywa kwa taa mpya. Hayasemi itakuwaje baada ya miezi ya kupoa na kupata joto kila siku.

Hapo ndipo taa nyingi za IP65 huingiwa na maji bila kumwagiwa tone. Ikiwaka, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka. Ikizimwa, hupoa na kufyonza hewa ya nje yenye unyevu. Kila mzunguko unaacha maji kidogo. Taa nzuri ina kizibo cha kupumulia chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Angalia pia gasketi: iliyomiminwa kipande kimoja ni bora kuliko uzi wa sponji uliokatwa na kuunganishwa kona. Klipu ziwe za chuma cha pua. Za plastiki hukatika mara ya kwanza zinapofunguliwa kwenye baridi.

*IK.* Hiki ni kipimo cha kuhimili pigo. IK08 ni jouli 5, inatosha chumba cha kubeba kwa mikono. Penye foklifti, IK10, jouli 20. Kifuniko kiwe cha plastiki isiyotawanyika.

*Rangi.* Kelvini hueleza weupe wa mwanga; Ra, jinsi unavyoonyesha rangi halisi ya vitu. Kelvini 4000 na Ra 80 kwa kuhifadhi. Mahali pa kukagua ubora wa nyama au samaki, Ra 90. Kataa taa zenye wekundu wa buchani ndani ya stoo: zinaficha kuchacha, na wa kwanza kudanganyika ni mfanyakazi wako.

*Volti.* Umeme wetu hushuka na kupanda, na kompresa inapoanza huuvuta zaidi. Chukua draiva inayokubali angalau 180 hadi 264 V. Za 100 hadi 277 V ni bora. Kinga ya draiva dhidi ya umeme unaoruka ghafla iwe kV 4 au zaidi, na kwenye ubao mkuu kuwe na kifaa cha kinga hiyohiyo. Chumba kinachoendeshwa kwa sola, taa za moja kwa moja za 24 V hukuondolea inveta njiani.

Ukitilia shaka wati, mwambie muuzaji aiwashe kwenye mita ya kupima. Taa iliyoandikwa 20 inayokula 12 haitakupa lumeni 2,500.

Gesi ya amonia na sabuni

Viwanda vikubwa vya samaki na barafu hutumia amonia. Amonia hushambulia shaba na shaba nyeupe, kwa hiyo glandi zile nzuri za rangi ya dhahabu hupasuka bila kuguswa. Tumia za nailoni au chuma cha pua. Polikaboneti nayo haipatani na amonia wala sabuni kali za magadi: huanza na nyufa kama nywele, kisha kifuniko hupukutika. Pata kwa maandishi kutoka kwa mtengenezaji kifuniko kinachofaa. Mitambo midogo ya freoni haina tatizo hili, ila klorini ya kuoshea ipo kila mahali, na pwani kuna chumvi. Huko chuma cha pua kiwe cha daraja la 316, si 304.

Mpangilio juu ya dari

Taa 6 za mfano zikae mistari miwili ya taa tatu tatu, juu ya njia za kupita, si juu ya rafu. Ziache mbali na maeneo mawili. La kwanza ni mbele ya evaporeta: hapo upepo ni baridi kuliko kote, na wakati wa kuyeyusha barafu mvuke hutoka na kuganda kwenye kitu cha kwanza kilicho mbele yake. La pili ni mlangoni, mita moja ya kwanza, ambako hewa ya nje huingia na kuweka theluji kwenye vifuniko. LED haitoi joto la maana mbele, kwa hiyo theluji hiyo haiyeyuki. Inakaa na kukata mwanga. Hata hivyo usiiache evaporeta gizani kabisa: fundi friji anahitaji kuona koili na trei ya maji.

Swichi, sensa na dharura

Swichi iwe nje ya chumba, upande wa joto, na taa ndogo ya kuonyesha kwamba ndani kunawaka. Gawa taa kwenye saketi mbili, moja ndiyo moja siyo, ili breka moja ikianguka mtu asibaki gizani.

Sensa ya mwendo huokoa umeme mwingi, lakini chagua kwa makini. Zile za infraredi huona tofauti ya joto la mwili, na mtu aliyevaa koti zito la friza anaonyesha uso tu. Za mikrowevu huona mwendo wowote, ikiwamo feni ya evaporeta, na zisiporekebishwa haziruhusu taa kuzima kamwe. Weka dakika 10 baada ya mtu wa mwisho, na taa zishuke hadi asilimia 10 au 20 badala ya kuzima kabisa.

Taa ya dharura juu ya mlango ni ya lazima, si pambo: umeme ukikatika, aliye ndani lazima aone mpini wa kufungulia. Betri yake iwekwe nje, waya tu uingie. Betri za lithiamu haziruhusiwi kuchajiwa chini ya sifuri, na aina nyingine hupoteza uwezo mwingi humo.

Kufunga: kila kitu kinaamuliwa kwenye tundu

Fanya kazi hii kabla chumba hakijashushwa baridi. Silikoni na povu havishiki vizuri kwenye baridi, na waya wa PVC huwa mgumu na kupasuka ukikunjwa.

1. Tandika nyaya juu ya dari, upande wa nje. Ndani ziingie pale tu penye taa. Tumia kebo ya mpira aina ya H07RN-F, 3 × 1.5 mm². Breka ya ampea 6 au 10, aina C. Aina B huweza kuanguka kwa sababu draiva zikiwashwa pamoja huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Ongeza kinga ya mA 30 dhidi ya kuvuja kwa umeme.

2. Toboa tundu moja kwa kila taa, upana wa kupitisha kipande cha bomba la plastiki la mm 20. Bomba hilo huzuia kingo za bati kukata kebo.

3. Pitisha kebo, jaza nafasi kati ya bomba na paneli kwa povu lisilotanuka sana, kata lililozidi likikauka.

4. Ziba ndani ya bomba kuzunguka kebo kwa mastiki au silikoni, na zibo lililo muhimu zaidi liwe upande wa juu, wa joto. Mvuke husafiri kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi. Ukiziba chini tu, utaugandisha katikati ya paneli na povu litalowa. Silikoni iwe ile isiyonuka siki, kwani ya siki inakula bati la zinki.

5. Funga taa kwa boliti za nailoni. Boliti ya chuma inayopenya paneli yote hubeba joto ndani, na kichwa chake cha ndani huota barafu. Usiizamishe taa wala draiva ndani ya povu la paneli. Povu ni kihami, na linaungua.

6. Kebo ishuke na kupinda chini kidogo kabla ya kuingia kwenye taa, ili maji yadondoke kwenye kona na yasiingie kwenye glandi. Glandi ilingane na unene wa kebo, ikazwe hadi mpira ubane pande zote. Vifungio vya kebo vya nailoni vya bei rahisi hukatika kwenye −20. Tumia vya chuma cha pua.

Ukikuta nyaya za zamani ndani ya mabomba marefu yanayotoka nje hadi kwenye taa, fungua na uzibe ndani ya bomba penye mpaka wa joto na baridi. Bila hivyo, bomba linavuta hewa ya nje na kuimimina moja kwa moja kwenye taa, IP yoyote iwayo.

Kupima kabla ya kumlipa fundi

Washa taa chumba kikiwa cha joto. Kisha shusha joto hadi kiwango cha kazi, zima taa kwa saa 12, uziwashe asubuhi. Zote ziwake mara moja, bila kupepesa. Taa inayosita leo haitapona.

Pima lux kwa kipimo halisi, sentimita 75 kutoka sakafuni, angalau sehemu tisa, rafu zikiwa na mzigo. Kamera ya simu inakupa makisio tu. Chumba cha mfano kisishuke chini ya 100 popote pa kupita.

Ukiona hivi, tazama hapa

Maji ndani ya kifuniko cha taa moja: glandi yake au tundu lake. Maji kwenye taa zote: mabomba hayajazibwa, au gasketi zote ni dhaifu. Barafu kuzunguka tundu: zibo la juu limeachia. Taa zinazopepesa asubuhi tu: draiva haiendani na joto. Zinazopepesa kompresa inapoanza: umeme unashuka, tafuta tatizo kwenye kebo kuu au mtandao kabla ya kubadili taa. Mwanga uliofifia kote: kwanza pangusa vifuniko, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, chumba kikiwa kimezimwa.

Weka stoo taa mbili kamili za aina ileile, glandi nne na mkebe wa silikoni ileile. Draiva usiibadilishe ndani ya baridi: ukifungua kasha humo, unafungia unyevu ndani yake. Shusha taa nzima, ikapate joto nje kwa saa kadhaa hadi ikauke, ndipo uifungue.